WAKILI WA SERIKALI KATIKA MASHAURI YA MADAI YA MAREKANI

Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, sisi tulio katika kazi ya lugha tumekuwa tukiulizwa maswali mengi juu ya maneno ya mahakamani. Mengine ya maswali hayo hutoka mbali. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wamekaa Marekani kwa wingi, na baadhi yao hujikuta siku moja wanasimama mbele ya sheria na serikali ya nchi ile, ama kwa kudai ama kwa kutoa ushahidi. Barua wanazoletewa hufasiriwa na mtoto wa nyumbani au jirani. Mfasiri wa namna hiyo hukosea, wala si kwa uhaba wa maneno. Hukosea kwa sababu haijui kazi ya mtu aliyeiandika barua ile.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa isimu; lakini nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari nilifanya kazi ya ukalimani katika mashauri kadhaa, nikamwona kwa karibu mtu aitwaye wakili wa serikali. Nitajaribu kueleza yeye ni nani, hufanya nini, na ni wapi ambapo maneno yetu yanaweza kumdhulumu yeye au kumdhulumu mtu anayeshindana naye.

Jina na cheo

Kwanza yafaa tutenge mashauri ya jinai na mashauri ya madai. Katika jinai, serikali humshitaki mtu kwa kosa, na mtu huyo aweza kufungwa. Katika madai, mmoja humtaka mwenzake amlipe au amtendee haki yake, na hakuna anayefungwa. Serikali huweza kuwa mdai, na mara nyingi zaidi huwa mdaiwa.

Kiingereza cha Marekani humwita kwa jina moja wakili anayewashitaki wahalifu na wakili anayeitetea hazina ya serikali, maana wote wawili hutoka katika ofisi moja na anwani ya barua zao ni moja. Kiswahili hutofautisha: wa kwanza ni mwendesha mashtaka, wa pili ni wakili wa serikali. Basi mfasiri asiyejua jambo hili huandika "mwendesha mashtaka" kila anapoiona anwani ile, na msomaji hushikwa na hofu. Namjua mama aliyegongwa na gari, akadai fidia, kisha akasomewa barua ya namna hiyo na mwanawe. Alidhani kwamba sasa ni yeye anayeshitakiwa, akakaribia kuliacha dai lake. Neno moja lilitaka kufanya kazi ambayo sheria yenyewe haikuikusudia. Kisa chake nitakirudia.

Cheo cha Mwanasheria Mkuu wa Marekani kiliwekwa na sheria ya mwaka 1789, lakini kwa muda mrefu mwenye cheo hicho hakuwa na wizara chini yake. Wizara ya Sheria iliundwa kwa sheria ya tarehe 22 Juni 1870, ikaanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Sheria hiyohiyo iliweka cheo cha Wakili Mkuu, ambaye huisemea serikali katika Mahakama ya Juu. Nchi imegawanywa katika wilaya 94 za mahakama za shirikisho, nazo zina Mawakili wa Marekani 93, kwa kuwa Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini hushirikiana mmoja. Kila mmoja huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti. Walakini anayekutana na mdai na mashahidi wake kwa kawaida si huyo mkubwa, bali ni mmoja wa mawakili wasaidizi wake, au wakili kutoka Idara ya Madai ya Wizara iliyoko Washington.

Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Tukisema "mahakama ya wilaya", Mtanzania hukumbuka mahakama ya ngazi ya chini. Mahakama ya wilaya ya shirikisho huko Marekani ni mahakama yenye uzito mkubwa. Jaji wake huteuliwa na Rais, na kwa kazi yake hulingana zaidi na jaji wa Mahakama Kuu kwetu. Mfasiri na aseme "mahakama ya shirikisho ya wilaya", tena amwite mwenye kiti "jaji", wala si "hakimu".

Kwa kawaida idara ya serikali haiendi mahakamani yenyewe. Isipokuwa pale Bunge liliporuhusu vingine, kazi hiyo ni ya Wizara ya Sheria. Kwa hiyo wakili huyu hana mteja mmoja. Leo ataisemea hospitali ya askari wastaafu, kesho idara ya misitu, kesho kutwa dereva wa gari la serikali aliyepita taa nyekundu. Kila mara hana budi kujifunza kazi ya watu wale kwa haraka, awaulize wanachojua, akusanye majalada yao, na kuwaonya wasiharibu hata karatasi moja.

Kinga ya dola

Waingereza walikuwa na kanuni ya kale kwamba mfalme hashitakiwi katika mahakama yake bila ridhaa yake. Marekani walimkataa mfalme lakini kanuni yake wakabaki nayo. Wazee wetu wangaliieleza kwa maneno matatu: mwenye nguvu mpishe. Mtu aliyeumizwa na uzembe wa mtumishi wa serikali kuu hakuwa na mlango wa mahakama; alipaswa kuliomba Bunge limtungie sheria yake peke yake ya kumlipa, na maombi hayo yalikuwa mengi hata yakalilemea Bunge.

Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya kivita ya Marekani, ikiruka katika ukungu, ililigonga jengo la Empire State mjini New York. Watu 14 walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Agosti 1946, sheria ya kuruhusu madai ya uzembe dhidi ya serikali ikatiwa sahihi, na nguvu yake ikarudishwa nyuma mpaka tarehe 1 Januari 1945, hata madai ya ajali ile yakaweza kuingia ndani yake. Kwa sheria hiyo serikali huwajibika kwa uzembe wa mtumishi wake aliyekuwa kazini, kama ambavyo mtu binafsi angaliwajibika kwa sheria ya mahali kosa lilipotendeka. Ndiyo sababu wakili wa serikali kuu, akipata shauri la Texas, hana budi kusoma sheria ya uzembe ya Texas.

Lakini mlango huo haukufunguliwa wote. Katika mashauri haya hakuna juri. Jaji peke yake ndiye anayeamua. Hakuna fidia ya kumwadhibu mkosaji, ni fidia ya hasara tu. Tena sheria imetaja mambo ambayo kinga yake inabaki. Mawili ni makubwa. La kwanza ni uamuzi wa hiari: ikiwa afisa alikuwa na uhuru wa kuchagua baina ya njia mbili kwa kupima siasa, fedha au usalama, mahakama haimhukumu kwa kuchagua vibaya. La pili ni dai lililozuka katika nchi ya kigeni.

Njia ya shauri

Mdai haanzi mahakamani. Huanza kwa kuiandikia idara iliyomdhuru, katika muda wa miaka 2, akitaja kiasi kamili cha fedha anachodai. Asipotaja kiasi, dai lake ni kama halikuandikwa. Idara ina miezi 6 ya kulichunguza. Ikikataa kwa maandishi, mdai ana miezi 6 tangu siku ya barua ile ya kwenda mahakamani; ikinyamaza mpaka miezi 6 ipite, aweza kunyamaza huko kukuhesabu kuwa ni kukataa. Mtanzania atakumbuka sheria yetu ya mashauri dhidi ya Serikali, inayomtaka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Shabaha zinafanana: serikali ipewe nafasi ya kumaliza jambo nje ya mahakama.

Shauri likifunguliwa, hati hupelekwa kwa Wakili wa Marekani wa wilaya ile na kwa Mwanasheria Mkuu huko Washington. Mdaiwa wa kawaida ana siku 21 za kujibu. Serikali ina siku 60. Tena hata serikali isipojibu, jaji hawezi kumpa mdai ushindi kwa sababu ya kimya hicho tu. Ni lazima mdai alete ushahidi wa kumridhisha.

Jambo la kwanza ambalo wakili wa serikali hutazama ni kama sheria inaruhusu shauri lisikilizwe. Je, muda umepita? Je, kiasi kilitajwa? Je, jambo hili ni la uamuzi wa hiari? Akiona kasoro, huleta lile ambalo mahakama zetu huliita pingamizi la awali. Kwa masikio ya mdai neno hili ni chungu, maana shauri laweza kufa kabla mtu yeyote hajauliza nani aligonga na nani aligongwa. Kwa wakili wa serikali ni wajibu: mipaka iliyowekwa na Bunge si mali yake hata aigawe kwa huruma.

Pingamizi likishindwa, pande mbili hufunuliana ushahidi. Kila upande huuliza maswali kwa maandishi, hudai nyaraka, na huwahoji mashahidi wa mwenzake chini ya kiapo, nje ya mahakama, mbele ya mwandishi anayenakili kila neno. Shahidi mmoja huhojiwa kwa siku moja isiyozidi saa 7, ila jaji akiruhusu zaidi. Kiswahili hakijapata neno moja lililokubaliwa kwa mahojiano haya. Nimeona watu wakiandika "ushahidi", nao si ushahidi wa barazani. Wengine "mahojiano" peke yake, nayo yasikika kama ya gazeti. Naona yafaa kusema "mahojiano ya kiapo", mpaka watu watakapopata neno bora.

Mashauri mengi humalizika kwa maridhiano. Hapo wakili hupima hasara, hupima hatari ya kushindwa, huandika ripoti, na kuomba ruhusa kwa wakubwa wake. Haruhusiwi kutoa mali ya umma kwa kauli yake mwenyewe. Tangu mwaka 1956 pamekuwa na fungu maalumu la hazina la kulipia hukumu na maridhiano mengi ya serikali, ili kila mdai asirudishwe Bungeni. Na wakili akishindwa, hawezi kukata rufaa kwa hasira zake. Wakili Mkuu ndiye aamuaye kama serikali itakata rufaa au itaikubali hukumu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba serikali hudai. Sheria ya tarehe 2 Machi 1863, iliyotiwa sahihi na Rais Lincoln wakati wafanyabiashara walipokuwa wakiliibia jeshi kwa bidhaa mbovu, ingali yafanya kazi. Kwa sheria hiyo mtu aliyeidanganya hazina huweza kulipishwa mara 3 ya hasara, na raia aliyefichua udanganyifu huweza kupewa sehemu ya fedha zitakazopatikana.

Habari ya salamu

Sasa nirudi kwa yule mama. Alikuwa mkimbizi kutoka Kivu, mtu mzima sana. Aligongwa na gari la idara moja ya serikali. Niliapishwa kuwa mkalimani wake siku ya mahojiano ya kiapo. Niliapa kutoongeza wala kupunguza.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye adabu na maswali makali. Alitoa jalada la hospitali. Siku ya pili baada ya ajali, muuguzi alikuwa amemwuliza hali yake kwa msaada wa mkalimani wa simu, na jalada likaandika kwamba mgonjwa anasema ni mzima. Wakili akauliza: "Siku ile ulisema u mzima. Leo wasema uliumia. Kauli ipi ni ya kweli?"

Msomaji wa Kiswahili ameshajua lililotokea. Muuguzi aliuliza habari, naye akajibu "muzuri", kwa lafudhi ya kwao. Sisi sote husema nzuri kwanza, hata kama tuna maiti ndani. Kisha ndipo tunapoeleza. Nilikuwa na elimu ya miaka mingi juu ya jambo hili, wala sikuwa na ruhusa ya kusema neno moja. Nikafasiri swali, nikangoja.

Mama akamtazama akasema, "Ile ilikuwa salamu tu, mutoto yangu."

Nikafasiri yote, pamoja na "mutoto yangu". Wakili akanyamaza kidogo. Angaliweza kuendelea na swali jingine, maana kwenye karatasi alikuwa amekwisha kupata alichokitaka. Badala yake akamwuliza: kwenu mgonjwa akiulizwa hali yake, hujibuje? Mama akaeleza kwamba mtu huanza na muzuri, kisha husema ugonjwa. Lakini sauti ile ya kwenye simu haikungoja sehemu ya pili. Maneno hayo yakaandikwa katika nakala.

Jambo la pili lilikuwa mkono. Fomu ya dai, iliyojazwa na mwanawe kwa Kiingereza, ilitaja kiganja. Daktari aliandika bega na kiwiko. Wakili aliona hapa kauli mbili. Alimwomba mama aonyeshe kwa kidole mahali palipouma. Mama akapitisha kidole kutoka begani mpaka kwenye ncha za vidole, akasema, "Mukono." Wakili akamwambia mwandishi anakili kwamba shahidi alionyesha kiungo chote. Kiswahili huita mkono kile ambacho Kiingereza hugawa kwa majina mawili, na mwana wa mama alikuwa amechagua lililokuwa karibu na ulimi wake.

Nisije nikadhaniwa namsifu wakili yule kwa upole. Mchana wa siku hiyo alimbana mama juu ya mahali alipovukia barabara, mpaka akakiri kwamba hakuvukia penye alama. Kukiri huko bila shaka kulipunguza dai lake. Lakini lilikuwa kweli, kama salamu ilivyokuwa kweli, na yote mawili aliyaandika. Baadaye nilisikia kwa mama mwenyewe kwamba shauri lilimalizika kwa maridhiano. Sikumwuliza kiasi.

Mipaka ya kazi hii

Haifai nimwache msomaji akidhani kwamba haki hupatikana kila mara. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Watu zaidi ya 200 waliuawa, walio wengi Wakenya wa Nairobi, na maelfu walijeruhiwa. Wakenya waliokuwa wahanga waliungana wakaidai serikali ya Marekani mjini Washington, wakisema kwamba haikuulinda ubalozi wake wala haikuwaonya watu. Mawakili wa serikali hawakubisha kwamba watu walikufa. Walileta pingamizi la mamlaka: madai yaliyozuka katika nchi ya kigeni hayamo katika sheria ya mwaka 1946, na namna ya kulinda balozi ni uamuzi wa hiari. Mwaka 2002 mahakama ya shirikisho ya wilaya ililiondoa shauri, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo.

Kwa sheria iliyoandikwa, mawakili wale walifanya kazi yao. Lakini mtu wa Nairobi aliyepoteza macho ana haki ya kuelezwa kwa lugha yake kwamba mahakama haikusema amedanganya, wala haikusema hakuumia. Ilisema haikupewa mamlaka. Mfasiri akiandika tu "shauri limetupwa", humwongezea mtu yule jeraha. "Kuondolewa kwa kukosa mamlaka" ni maneno marefu, lakini ndiyo ya kweli.

Kisa cha pili ni onyo kwa mawakili wenyewe. Mwaka 1948 ndege ya jeshi la anga ilianguka karibu na Waycross, Georgia. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wataalamu watatu wa kiraia. Wajane wao walidai, wakaomba ripoti ya ajali. Serikali ilikataa, ikisema ripoti ile ingefichua siri za ulinzi, wala haikukubali hata jaji peke yake aisome. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu iliikubalia serikali bila ya kuitazama ripoti, na tangu hapo hukumu ile imekuwa msingi wa kinga ya siri za dola. Kiasi cha miaka 50 baadaye ripoti ikaonekana. Watoto wa marehemu waliisoma, wakakuta habari za matunzo mabaya ya ndege, wala si siri waliyoitarajia. Mwaka 2003 walirudi mahakamani, lakini majaji hawakukubali kuifungua upya hukumu ya zamani; walisema haikuthibitika kwamba mahakama ilidanganywa.

Wakili wa mtu binafsi huisimamia siri ya mteja wake, na sheria humruhusu. Wakili wa serikali ana mteja wa ajabu, kwa maana mdai aliyekaa mbele yake ni mmoja wa watu wanaomlipa mshahara, au ni mgeni aliyehifadhiwa na dola hiyohiyo. Akishinda kwa kuficha, ameshinda dhidi ya aliyemtuma. Kwa sababu hiyo husemwa huko Marekani kwamba serikali hushinda kila mahakama inapotenda haki, hata kama hukumu imekwenda upande wa pili. Ni maneno mazuri, na ni mazito kuyabeba kila siku ya kazi.

Kwetu Tanzania, ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianzishwa mwaka 2018, na mashauri yake yanazidi kuandikwa kwa Kiswahili. Tutahitaji maneno mengi, na wanafunzi wetu watayatunga. Nawaomba wakati wa kutunga wamkumbuke mtu atakayesomewa barua nyumbani na mwanawe, jioni, bila ya kamusi. Ajue kama anashitakiwa au anajibiwa. Ajue kama amekataliwa kwa uongo au kwa mpaka wa sheria. Na mkalimani atakayeketi kati yake na wakili wa serikali angoje sehemu ya pili ya salamu.